Ombi la Kuhamisha Askari wa Mdomoni mwa Sydney

Nyalenda, Kisumu

Kwako Daktari Trupti wa Kliniki ya Watoto,

Natumai hujambo na wagonjwa wanakusumbua kidogo tu. Ni mimi mama wa Sydney, yule aliyeletwa midomo imefura kama maandazi baada ya kulamba mchuzi wa mbuta, yule samaki wa ziwani. Ulinieleza vizuri kwamba samaki hana kosa, ni seli za kinga, askari wanaoishi mwilini, kila kundi na mtaa wake. Nimefikiria hayo nikifua, nikipika, nikinyonyesha, na nina malalamiko.

1. Ulisema wengine waliingia mtoto akiwa bado tumboni. Mimi mwenye tumbo sikuulizwa. Hata mpangaji wa chumba cha mabati hupiga hodi.

2. Wa mapafuni sina neno nao, wanameza moshi wa jiko langu kimyakimya. Wa ini pia, wanazoa uchafu kwenye damu. Wa ubongoni, uliosema wanapogoa matawi yasiyotumika, waendelee, ila wasiguse lile la kumsikiliza mama. Ni jembamba tayari.

3. Ninaowashtaki ni wa ngozini na mdomoni. Wamejaza vifuko vya kemikali ya kuwasha, na wakiona samaki wanapasua vyote, kama polisi anayerusha vitoza machozi sokoni kwa sababu mama mmoja amepita na beseni. Na siku ile mbu wa malaria alipouma ngozi hiyo hiyo, walikuwa wapi?

4. Jumamosi tunaenda Kombewa kwa dani yake, yaani mama mkwe wangu. Amenipigia, akaniita binti wa Maseno kwa Kiluo: "Nyar Maseno, mtoto wa ziwani kukataa samaki ni tabia ya kwenu. Mlete nimlishe mwenyewe." Nikamwambia, mama, ni seli. Akasema, "Seli ni nani? Kwetu hakuna mtu kama huyo." Daktari, nitapigania kila kijiko, na mwanangu ataonekana mgeni kwao.

Afisa wa serikali akikaa kituo kimoja sana, huhamishwa. Wapeleke hawa kwenye unyayo, huko hapiti samaki. Wa ini, wenye adabu, waje mdomoni. Wakigoma, wafute kazi wote, mwili ulindwe na wale wanaozunguka kwenye damu. Kama inahitaji sahihi ya mzazi, niko tayari hata leo.

Nisalimie nesi Naswa wa mizani, mlinzi wa lango, na watoto wote wanaolia kwenye benchi.

Wako mwenye usingizi, lakini sitaki mchezo,
Celestine, mama Sydney

N.B. Usihamishe mtu! Nilimtumia dani picha ya ile midomo, amepiga simu sasa hivi, sauti chini, eti nisimwambie mwanawe. Kumbe tangu usichana wake akionja samaki koo linamwasha na midomo inafura. Miaka yote hiyo anatupakulia vipande vinene, yeye anamalizia ugali na mboga jikoni, tukidhani ni heshima. "Huyo mtoto ni wetu kabisa," amesema. Jumamosi anachinja kuku.