Kura Zilizopanda Basi

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimeingia siasa rasmi. Mimi, Hiram Ngigi! Miaka kumi na mmoja nimekuwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi hapa Karagita. Miaka kumi na mmoja ya kuamua nani amehamisha kamba ya nguo ya nani, na choo cha ploti kioshwe na nani. Basi! Nilipoanza nilimjua kila mtu kwa jina. Sasa vyumba vya kupangisha vinachipuka kila wiki, wafanyakazi wa maua wanamiminika kutoka kila kona ya Kenya, na mfereji wa maji ni ule ule mmoja. Umati kama huu unahitaji kiongozi.

Kabiru, mratibu wa chama katika wadi yetu, alituita hotelini. Akasema hakutakuwa na mchujo. Tiketi ya MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, atapewa yule atakayepeleka wapiga kura wapya wengi zaidi kujiandikisha pale shule ya msingi kufikia Ijumaa tarehe 20. Karani wa chama atakaa nje ya lango, na kila aliyejiandikisha atamwambia ametumwa na nani. Nani anataka? Mikono miwili tu ilipanda. Wangu na wa Cherop. Cherop, muuza maji! Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Chifu ameniambia siwezi kuwa mwenyekiti na mwanasiasa kwa wakati mmoja. Nimeandika barua ya kujiuzulu papo hapo. Ameipokea haraka kuliko nilivyotarajia. Hata hakuisoma.

Jumatano, 11 Machi

Mkakati wa kwanza: wasimamizi wa ploti. Mwenye wasimamizi ana wapangaji, si ndiyo? Nimewapeleka kumi na wawili Kikopey kula nyama. Wakala mbuzi mzima, wakaulizia mbavu za mwingine. Nilitoa hotuba yangu kuhusu maendeleo. Walipiga makofi kila mara nilipotua kumeza mate, na huenda walidhani nimemaliza.

Tukiwa njiani kurudi, Fancy, anayesimamia ile ploti ya mabati ya bluu, akaniambia kwa huruma kwamba nimekosea. Wapangaji hawasikilizi wasimamizi. Wakisikia sauti yake mlangoni hujifanya hawako, hata redio huzimwa. Nikamuuliza mbona hakusema kabla ya mbuzi. Akasema hakuulizwa.

Wapiga kura hadi sasa: Fancy. Labda.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepita kwa Cherop kumpeleleza. Mitungi imepangwa kutoka mferejini hadi kwa fundi wa viatu, lakini watu hawapo! Nikauliza wenyewe wako wapi. Mama mmoja akaniambia wameenda shule kujiandikisha. Mtu akifika na mtungi wake Cherop humuuliza kura yake iko wapi. Akisema hana, Cherop humwambia aache mtungi kwenye laini, yeye atamlindia nafasi, aende mbio ajiandikishe. Anawaambia mfereji wa pili hauwezi kuletwa na kura iliyoandikwa Kakamega. Wakirudi, mtungi umeshafika mbele.

Huo ni mkakati gani? Hakuna hotuba, hakuna fulana, hata bango hana. Ni mitungi tu!

Nimeenda kumshtaki kwa kuziba barabara. Chifu akanituma kwa mwenyekiti mpya wa Nyumba Kumi, naye ni Kiprugut, aliyekuwa naibu wangu. Amekalia kiti changu. Amenisikiliza, ameandika kitu, akasema atalishughulikia. Ni neno langu hilo! Nimelitumia miaka kumi na mmoja, na najua halina kitu ndani.

Jumamosi, 14 Machi

Mungu anisamehe, lakini leo nimefurahi msibani. Mzee Adero, askari wa lango la shamba la maua, amefariki. Maskini, alikuwa mtu mzuri. Kwao ni Siaya. Mjane wake, Trizah, analia kwamba jamaa na majirani wamepata gari la mwili tu, na wao hawana la kuwafikisha mazishini. Watu hamsini, wengi wao hawana kura! Nikasimama katikati ya waombolezaji nikasema basi liko. Walilia upya, safari hii kwa ajili yangu. Wote wameahidi kwamba wakirudi Alhamisi wataenda kujiandikisha kwa jina langu. Cherop atalinda mitungi hadi achoke.

Basi sina. Nina mke, na mke ana mtamba mwenye mimba, anafugwa Molo kwa mama yake. Nikamweleza Waithera nikiwa nimekaa karibu na mlango. Aliniacha nimalize. Akaangalia vidole vyake. Mwaka wa tisa huu anafunga maua kwenye chumba cha baridi, na asubuhi hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Akasema taratibu, "Baba Natalie, hiyo ng'ombe ndiyo ya kunitoa kwa hiyo baridi."

Nilimwahidi ng'ombe watano nikiwa Mheshimiwa. Hakusema ndiyo, lakini pia hakusema hapana. Nimechukua hiyo kuwa ndiyo.

Jumatatu, 16 Machi

Jana Molo. Mtamba ameuzwa. Mama mkwe hakunipikia chai, na Molo ni baridi sana kukosa chai. Mnyama alinifuata mwenyewe hadi kwenye lori la mnunuzi, akidhani nampeleka malishoni. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Leo basi limeondoka. Bango limekaa vizuri ubavuni: HIRAM NGIGI, MWENZENU WAKATI WA MAJONZI. Nilipotaka kupanda nikakuta viti vimejaa, na kiti changu amekikalia shangazi wa marehemu akiwa na kuku. Wakaniomba nisikasirike. Nimeshushwa kwenye basi langu mwenyewe! Nikalipungia mkono hadi likapotea. Watoto wa barabarani wakanipungia mimi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekaa stendi tangu asubuhi na daftari. Basi likafika saa nane. Walishuka wakiimba jina langu. Machozi yalinilenga, na siyaonei haya. Nikasema haya sasa, ndugu zangu, twende shule, bado kuna mwanga.

Wakaendelea kushusha mizigo.

Kisha Trizah akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa mambo mengi, na mwishoni akataja, kama jambo la furaha, kwamba wameshajiandikisha. Wapi? Huko! Mtu anayetaka kiti cha huko alifika mazishini na kuhubiri kwamba kura za watoto wa nyumbani zirudi nyumbani. Mashine ya usajili ilikuwa kituo cha jirani, mwendo wa dakika tano kwa gari. Lakini vijana wake wangepitaje nyumba kwa nyumba kuwachukua watu? Hapakuwa na haja. Palikuwa na basi.

Basi langu! Limewabeba awamu mbili, bango likiwa ubavuni. Wote wameandikwa. Shangazi ameandikwa. Dereva, ambaye ni mtu wa Gilgil, naye ameandikwa huko, kwa sababu alikuwa amekaa tu bila kazi.

Nimekaa kwenye jiwe la stendi sijui kwa muda gani. Ni watu gani hawa? Wanakunywa maji ya hapa, wanazaa hapa, wanajaza vyoo vya hapa, halafu kura wanapeleka kwa kaburi la babu! Nimesema hivyo kwa sauti na watu wakageuka.

Ijumaa, 20 Machi

Siku ya mwisho. Nikajipeleka mwenyewe shuleni, angalau jina langu lisimame upande wangu. Msichana wa mashine akaandika namba yangu ya kitambulisho, akasoma kwa sauti kwamba mimi tayari ni mpiga kura. Wa Molo. Laini nzima ilisikia. Wengine walicheka hadi wakashikana.

Mimi ni tofauti. Kule ndiko kwetu.

Jioni Kabiru akasoma hesabu langoni. Cherop, mia nne na sita. Mimi, watatu. Tiketi ni ya Cherop. Alinipa mkono kwa heshima, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaomba kuona orodha, maana nilikuwa na hakika ya wanne: Fancy, vinyozi wawili walioniahidi, na mke wangu mwenyewe, ambaye hajawahi kupiga kura. Waithera yuko kwenye orodha ya Cherop. Nambari ya kumi na nne! Amejiandikisha tangu wiki jana.

Nilimuuliza nyumbani. Akaendelea kukatakata sukuma. Akasema nyumba hii haikuwa na maji, Baba Natalie, na wewe ulikuwa Kikopey.

Jumapili, 22 Machi

Sijaenda kanisani. Cherop alikuwa anashukuru waumini leo. Jana nilimwomba Kiprugut anirudishie uenyekiti. Amesema atalishughulikia.

Sina kiti, sina tiketi, na kule Molo kibanda cha mtamba kiko wazi. Waithera anapaka vidole mafuta ya kuchua na haniangalii. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, na jirani akaniuliza kama naweza kusogea.

Lakini mchana nimekaa nikafikiri kwa makini, bila hasira, na nimeona kosa langu. Ni moja tu. Nililenga chini! Wadi ni ndogo, muuza maji yeyote anaweza kuizunguka kwa miguu. Mji unavyokua hivi, mtu wa kiwango changu ni wa ubunge. Huko nahitaji mabasi kumi, si moja.

Nimemuuliza Waithera kama lile shamba la mama yake lina hati. Amevaa sweta mbili, amechukua mfuko wake, ameenda zamu. Nadhani analifikiria.