Vidole Sita vya Mkurugenzi

Watumishi wote na umma kwa jumla wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna picha ya Mamlaka itakayochorwa kwa mkono wa binadamu. Mkono huchoka, hukosea na huomba likizo. Akili mnemba haiombi hata chai.

Tangazo lilibandikwa juu ya dawati la Bi Rangi, mbunifu aliyetengeneza kila bango la Mamlaka kwa miaka kumi na tisa. Hakufukuzwa. Mamlaka haina roho mbaya. Alipewa cheo kipya, Afisa Mhakiki wa Viungo, ili akague picha za mtambo huo wa akili mnemba na kuzigonga muhuri. Penseli zake zilipelekwa stoo, zikaorodheshwa kama vyombo vya hatari.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, akiwapungia wananchi. Kitambi kilikuwa kimeyeyuka, nywele zimerudi zote. Bi Rangi akahesabu vidole. Akahesabu tena. Akapanda ghorofani.

"Mzee, mkono wa kulia una vidole sita."

Mkurugenzi aliitazama picha kwa mapenzi. "Na nywele umeziona?"

"Nimeziona. Ila vidole..."

"Mama, huo ni wivu wa kazi. Mtambo umesoma picha mamilioni. Wewe je?"

"Mimi nimechora mikono tu, mzee. Yote ilikuwa na vitano."

"Ndiyo maana hatukuwa tunasonga mbele."

Kabla ya saa ya kutoka ukashuka waraka wenye sahihi yake: picha rasmi ndiyo hali halisi, mtumishi akitofautiana na picha yake, kasoro ni ya mtumishi. Bi Rangi aligonga muhuri, akaenda msalani akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kuhesabu masikio ya watu wa Idara ya Maji.

Mwezi haukuisha, Mamlaka ikaweka lango la kompyuta linalomtambua mtumishi kwa kumlinganisha na picha yake rasmi. Siku ya uzinduzi, Waziri akishuhudia, Mkurugenzi aliweka kiganja kwenye kioo.

"Mtu huyu hafahamiki," lango likasema kwa adabu.

Mlinzi akasogea. "Samahani mzee, simama pembeni. Mkurugenzi ana nywele."

"Acha utani. Wewe unanijua. Juzi tu nilikusalimia."

"Hujawahi kunisalimia, mzee."

Waziri alitazama bango la Mkurugenzi ukutani, akamtazama mtu aliyekuwa akitokwa jasho. "Mhakiki ni nani hapa?"

Bi Rangi akaitwa. Alipofika karibu, Mkurugenzi akamnong'oneza, "Mama, nisitiri."

Alimhurumia, kwa sekunde mbili hivi. Kisha akaukunjua ule mkono, akahesabu polepole, kwa sauti, kama anavyohesabu mtu asiyetaka lawama.

"Vitano, mheshimiwa."

"Maana yake?"

"Picha ina sita, na imepita ukaguzi. Kwa mujibu wa waraka, kasoro ni ya mtumishi. Arekebishwe ndipo aingie."

"Waraka aliusaini nani?"

"Mkurugenzi."

"Kiongozi makini," akasema Waziri, akapita langoni, na msafara wote nyuma yake.

Mlinzi alimletea yule bwana kiti cha wageni, akafungua daftari, akamwuliza jina lake na amekuja kumwona nani.