Ng'ombe Wapo, Mzee Hayupo

Siku Athanas alipokuja Ngokolo kukodi Noah yangu, aliniomba nipunguze bei kwa sababu nitakuwa nimebeba mtu mwenye akili nyingi. Nikamwambia akili hainywi mafuta, lakini haiyapunguzi pia. Tukakubaliana: gari ni langu, naendesha mimi, na barabara ikiwa mbovu asinilalamikie.

Alikuwa msimamizi wa mafaili katika utafiti wa wazee, kaya kwa kaya. Kwa majivuno yake ungedhani dunia iliumbwa shaghalabaghala, ikamsubiri yeye aje kuipanga.

"Bosi, faili la kwanza ni la kaya," alinihubiria njia nzima. "Nyumba, choo, ng'ombe. Faili la pili ni la wazee: umri, macho, presha. Kila kaya ina namba, na kila mzee anabeba namba ya kaya yake. Hiyo namba ndiyo kamba. Ukimvuta mzee, nyumba inakuja nyuma."

"Na mzee mwenye nyumba tatu?"

"Bosi, wewe endesha."

Nikaendesha.

Mzee Jilala, kijiji cha mbele ya Kolandoto, ana wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Babu analala kwa zamu. Mdodosaji mmoja alimkuta kwa Nyamizi, mke mkubwa, akampima. Kesho yake mdodosaji mwingine akamkuta kwa mke wa pili, akampima. Zamu ya mke mdogo, babu alishavua koti kabla mdodosaji wa tatu hajashusha mzani. Angekataaje, na kila kipimo kilikuja na sabuni ya asante? Wake nao, kila aliyeulizwa kuhusu ng'ombe alinyoosha kidole kwenye zizi lilelile: "Wale wetu."

Athanas akakuta Jilala watatu kwenye faili lake. Akaja kunipa habari, amefurahi kama mchimbaji aliyeona jiwe linang'aa.

"Nimekamata udanganyifu, bosi. Wadodosaji wavivu wametunga mzee, wakamnakili. Nimemfuta kote."

"Na wake zake?"

"Mwanamke mzee, kwenye kaya hakuna mume. Huyo ni mjane. Nimejaza mwenyewe. Mantiki tu."

Alikodi gari, hakukodi ushauri.

Kisha akaja Bi Vumilia, mkubwa wake, kuamua kama Athanas akabidhiwe mafaili ya Geita. Mimi pia nilikuwa naipigia hesabu hiyo safari ya Geita. Nikawapeleka kijijini.

Athanas hakuweza kujizuia. Akafungua kompyuta uwanjani kwa Nyamizi. "Shikamoo, babu. Uliza lolote, mafaili yangu yatajibu."

"Marahaba, ng'wanone. Nitafute mimi."

Athanas akatafuta. Akafuta miwani, akatafuta tena.

"Mama Mabula yupo," akasema taratibu. "Ni... mjane."

Nyamizi, ambaye ndiye Mama Mabula, akaweka ungo chini. "Mjane?" Akamkagua mumewe juu mpaka chini. "Sasa huyu aliyemaliza michembe yangu ya viazi asubuhi ni nani?"

"Na ng'ombe wangu?" babu akauliza. Hapo sauti ilikuwa imebadilika.

Bi Vumilia akaigeuza kompyuta upande wake. Ng'ombe walikuwepo. Tena walikuwepo mara tatu, zizi zima kwa kila mke.

Babu akageukia zizi. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawazuia kuzaa."

Bi Vumilia hakucheka. "Athanas, babu arudi leo. Mtu mmoja, namba moja, na nyumba zote tatu zielekezwe kwake. Zizi nalo ni moja."

"Nitarudi," babu akasema, "lakini nipimwe upya. Tuanzie kwa mke mkubwa."

Babu akapata sabuni nyingine. Mimi nikapata Geita. Mafaili akakabidhiwa mtu mwingine, na Athanas akapewa udodosaji, kiti cha nyuma, na mzani mapajani.

Kwenye shimo la kwanza akaguna. "Bosi, taratibu basi."

"Mtaalamu," nikamwambia, "tulikubaliana kuhusu barabara."