Mapafu Arudi Bendini

Bendi ya mji wetu imewahi kuwa na wapiga tarumbeta wawili tu wa maana. Wa kwanza ni Mapafu. Wa pili, kwa maelezo ya Mapafu mwenyewe, ni Mapafu akiwa na mafua.

Jina hilo hakupewa na mzazi wala mwajiri. Alijipa, akalitangaza, akalisimamia mpaka mtaa ukachoka kubisha. Kazi yake ya kila siku ni ufundi bomba, na ni fundi mzuri kweli, hilo tusimnyime. Sinki likiziba, hulitegea sikio kwanza, kisha anakwambia kilichomo: "Hapa kuna kijiko, mama. Cha chai." Na kweli, kinatoka kijiko cha chai!

Ila akishakunja mikono ya shati na kuingiza kichwa chini ya sinki, hapo ndipo stori zinapoanza. Miaka kumi na tisa iliyopita, anasema, alipiga tarumbeta katika bendi kubwa ya mji, ile ya watu sitini wanaokaa nusu duara na kupuliza kwa kusoma nota. Alikuwa akipiga solo, watu wanazimia! Mwanzoni alizimia mtu mmoja. Kila mwaka idadi inapanda. Mpaka tunavyozungumza sasa, kuna safu mbili nzima zilizotolewa nje kwa machela.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaingia mkenge, naye ni mama mkwe wake. Bibi huyu alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mitano. Amesahihisha imla za watoto wasiohesabika, na hata leo ukimpa kadi ya mwaliko, anaitafutia kwanza makosa. Mapafu alioa baada ya kutoka bendini, kwa hiyo mama mkwe hakuwahi kumsikia akipuliza hata chupa.

Kila akija kuwatembelea, swali ni lile lile.

"Mkwe, nasikia ulikuwa mpiga tarumbeta."

"Mama, mimi nilikuwa bendi yenyewe. Wale wengine walikuwa wananisindikiza."

"Haya. Na mimi nitakusikia lini?"

Hapo Mapafu hukumbuka ghafla kwamba kuna bomba la mtu linavuja.

Basi siku moja simu ikalia. Alikuwa ni kiongozi wa sasa wa bendi, mwanamke mfupi, mpole, anayeongoza watu sitini kwa kijiti chembamba. Wenzake wanamwita Bi Fimbo.

"Kaka, bendi inatimiza miaka arobaini. Na mpiga tarumbeta wetu wa tatu amejifungua. Tukaona tualike mtu wa zamani, aje apige nasi kama mgeni."

"Mkanifikiria mimi kwanza!"

"Wewe ni wa saba, kaka. Watatu wamehama, wawili wana shinikizo la damu, mmoja hana meno."

Mapafu akasikia alichotaka kusikia. Bi Fimbo akaongeza kwamba, kwa heshima ya mgeni, katika wimbo wa mwisho wangemwachia ile solo. Wimbo ulikuwa ule ule wa zamani, solo ile ile ya safu mbili na machela.

Simu ilipokatika, alitoka chini ya sinki la mteja mbio mpaka nyumbani.

"Mama watoto! Bendi imenipigia magoti!"

"Imekupigia simu, au magoti?" mkewe akauliza, maana ni binti wa mwalimu.

"Vyote! Mwambie mama aje. Waambie mashemeji zangu wote waje. Safu ya mbele!"

Mama mkwe alipopata habari alijibu kwa maneno machache. "Nitakuja. Nitakaa karibu, nisikie vizuri." Mapafu akapiga hesabu. Hapo hapakuwa na njia ya katikati. Ama miaka kumi na tisa ya stori ipate muhuri, ama awe kichekesho cha ukweni kila watu wakikaa mezani, mpaka wajukuu wawe na wajukuu.

Na alijitahidi, jamani. Wiki tatu alijifungia kwenye stoo yake, katikati ya mabomba na koki, akipuliza mpaka midomo ikavimba kama ya mtu aliyegombana na nyuki. Wiki ya kwanza alitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Wiki ya pili, ya ng'ombe. Wiki ya tatu, kumbe! Solo ikarudi, yote, tamu, imenyooka. Mkewe alisimama nje ya stoo akasikiliza mpaka mwisho, na wali ukaungua.

Tatizo halikuwa mapafu. Tatizo lilikuwa karatasi.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mapafu alitoka na karatasi zake za nota za miaka hiyo, alizokuwa akizihifadhi kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Zilikuwa za rangi ya chai. Bi Fimbo akamnyooshea jalada jipya.

"Kaka, sisi tunatumia hizi."

"Ahsante, Bi. Ila hizi zangu zinanijua."

Jirani yake upande wa kulia alikuwa mpiga tarumbeta wa pili, mfamasia, dada mmoja mtulivu anayesema "samahani" kabla ya kila sentensi. Akazitazama karatasi zile, akazigusa kwa kidole.

"Samahani, kaka. Hapa katikati mbona ni nene?"

"Huo ni uzito wa sifa, dada."

Haukuwa uzito wa sifa. Miaka ile, bendi haikuwa na mtu wa kupiga filimbi, na katikati ya wimbo ule kuna sehemu ndefu ya filimbi, taratibu, ya kubembeleza. Kiongozi wa zamani akaamuru sehemu hiyo irukwe. Wenzake waliikata kwa mstari wa penseli, basi. Mapafu, ambaye hajawahi kufanya jambo nusu nusu, alizigandisha kurasa mbili nzima kwa gundi ya mabomba, asije akazifungua kwa bahati mbaya. Na gundi ya mabomba, kama anavyowahakikishia wateja wake, ikishashika haiachii mpaka kiama.

Alisahau. Kumi na tisa ni miaka mingi, na vijiko alivyovitoa kwenye masinki ni vingi. Bendi sasa ina mpiga filimbi mzuri, na kurasa zile zilisharudishwa zamani. Lakini katika mazoezi mawili aliyohudhuria walipiga mwanzo wa wimbo, halafu solo yenyewe, na solo aliipiga vizuri mpaka wenzake wakagonga miguu sakafuni kumpongeza. Zoezi la mwisho, la kupiga wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, hakwenda. Alikuwa kwa kinyozi, anapakwa nywele rangi nyeusi.

"Mazoezi ni ya wanaojifunza," alimwambia kinyozi.

Jumamosi ikafika. Saa kumi alasiri ukumbi ulijaa, viti vya nyongeza vikawekwa ukutani. Safu ya mbele walikaa wakwe kumi na mmoja, na katikati yao mama mkwe, mkoba mapajani, miwani imesafishwa. Mapafu alipotokea jukwaani, nywele nyeusi kama kiatu cha askari, alimwinamia kidogo. Mama mkwe akainamisha kichwa mara moja tu, kama mwalimu anayeruhusu mtihani uanze.

Nyimbo za kwanza zilipita salama. Ukaja wa mwisho. Bendi ikaanza kwa kishindo, Mapafu ndani yake, mashavu yamejaa. Wakafika mwisho wa sehemu ya kwanza. Bi Fimbo akashusha mkono polepole, ukumbi ukanyamaza, na filimbi ikaanza kubembeleza.

Kwenye karatasi ya Mapafu hapakuwa na filimbi yoyote. Palikuwa na mapumziko mafupi, kisha solo. Akahesabu moyoni. Akasimama, ingawa aliambiwa apige akiwa amekaa. Akajaza kifua.

Paaaaaa!

Mpiga filimbi aliruka kitini. Mzee wa ngoma kubwa, aliyekuwa amejipumzisha kidogo, akadhani amepitwa na zamu yake, akaitandika ngoma kwa nguvu zote, mara mbili. Bi Fimbo akageuza macho polepole kwa Mapafu.

Sasa mtu mwingine hapo angejiuliza kama amekosea. Mapafu? Thubutu! Aliwaangalia wale wenzake wamekaa kimya, vyombo mapajani, macho yamewatoka, akawahurumia. Watu sitini wamepotea kwa mpigo! Akaona wajibu wake ni kuwasaidia. Akapandisha sauti ili waisikie njia. Akamkonyeza Bi Fimbo, kumwambia: usiogope, nifuate.

Bi Fimbo aliinua kiganja, akawazuia wote wasiongeze balaa. Hivyo Mapafu akapiga peke yake, bila hata kinanda, mwanzo mpaka mwisho. Na alipiga vizuri! Hilo ndilo la kusikitisha. Kila nota ilikaa mahali pake, isipokuwa solo yenyewe.

Ukumbi haukujua kitu. Ukapiga makofi, watu wakasimama. Mashemeji wakapiga vigelegele. Mama mkwe hakupiga kofi, lakini aliweka mkoba chini, na kwa miaka yote aliyomfahamu, Mapafu hakuwahi kumwona akiweka mkoba chini. Akainama mara tatu. Akakaa. Moyo ulikuwa umemjaa furaha, macho yalimlenga machozi.

Filimbi ikaanza tena. "Wamepata kitu cha kuwatuliza watu," Mapafu akajisemea. Kwake yeye wimbo ulikuwa umekwisha, waliobaki walikuwa wanatafuta pa kutokea. Akamwaga maji yaliyokusanyika ndani ya tarumbeta, kwa ustadi wa fundi bomba. Akaifuta. Akachomoa kile kipande cha kupulizia, akakitia mfukoni. Akailaza tarumbeta kwenye sanduku lake, akafunga vifungo viwili, tak, tak, akalisukuma chini ya kiti.

Mfamasia akanong'ona, "Samahani, kaka..."

"Usijali, dada. Wote huwa wanataka kujua siri. Baadaye."

Filimbi ikaisha. Bendi ikaanza kupanda, klarineti, tromboni, ngoma, juu, juu zaidi, mpaka kuta zikatetemeka. Halafu wote wakakata. Kimya. Bi Fimbo akanyoosha kijiti chake chembamba moja kwa moja kwa Mapafu.

Mapafu akatazama nyuma yake kuona anayeitwa ni nani.

Watu sitini walimwangalia. Ukumbi ulimwangalia. Mama mkwe alirekebisha miwani. Mapafu akaanza kuelewa, na alipoanza kuelewa alianza pia kutoka jasho, na rangi ya kinyozi ikaanza kumteremka shingoni. Akainama kulivuta sanduku. Kifungo cha kwanza kikafunguka. Cha pili kikagoma.

Ndipo mfamasia aliposimama. Safari hii hakusema samahani. Akapiga solo ile ile, nota zile zile, mahali pake, bendi nzima ikimpokea kwa chini. Mapafu alibaki ameinama, mkono kwenye sanduku, akiisikiliza solo yake ikipita juu ya kichwa chake. Aibu ilimshika kuanzia vidole vya miguu mpaka kwenye zile nywele.

Makofi yalipokwisha na jukwaa kuanza kutawanyika, mfamasia alichukua zile karatasi za rangi ya chai, akaziinua kwenye taa.

"Samahani, kaka. Humu ndani kuna kurasa mbili."

Mapafu akatazama. Nota za filimbi zilionekana kwa mbali, zimekaa kimya ndani ya gundi.

Nje ya ukumbi wakwe walikuwa wakimsubiri kwenye korido, kumi na mmoja, wamejipanga. Alitamani kupitia dirishani, lakini mkewe alikuwa ameshamwona. Mama mkwe akajitenga na wenzake, akamshika mkono kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na upole ambao Mapafu hakuwahi kuuona.

"Mkwe wangu," akasema, "leo nimekuelewa. Yule dada aliyesimama mwishoni ni mwalimu wako, siyo?"

"Mama..."

"Nilijua tu. Wewe ulipiga kwanza, akakuacha umalize bila kukukatiza. Halafu akarudia yeye mwenyewe, kwa usahihi, mahali panapotakiwa, ili usikie tofauti. Hata mimi nilikuwa nikifundisha hivyo hivyo! Na wewe umekaa umeinama, unamsikiliza kwa adabu. Mtu mzima! Mbele ya watu wote! Nimefurahi sana."

Mkewe akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mapafu akafungua mdomo kumweleza mama mkwe ukweli wote: kwamba yeye si mwanafunzi wa mtu, kwamba alipuliza kwenye jukwaa hili hili kabla mfamasia hajamaliza shule, kwamba ni mkongwe wa miaka na miaka. Maneno yakafika kwenye ulimi. Hapo akaona sentensi inayofuata: kwamba mkongwe huyo amepotea njia katika wimbo wake mwenyewe, amefunga tarumbeta sandukuni nusu ya wimbo, na kurasa kazigandisha kwa mikono yake. Akafunga mdomo.

"Na usione haya," mama mkwe akaendelea. "Zile hadithi zako za zamani nimekusamehe. Wanafunzi wangu pia walikuwa wanadanganya kabla ya kujifunza. Hebu niambie kweli, mwanangu. Umeanza lini?"

Mapafu aliwatazama mashemeji. Akamtazama mkewe, ambaye sasa alikuwa akifuta machozi kwa kiganja.

"Wiki ya tatu hii, mama."

Mama mkwe akawageukia wanawe, macho yaking'aa.

"Wiki tatu tu! Mnamsikia? Huyu ana kipaji!"