Leseni Yangu na Ukuta wa Gamaliel

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Daftari langu, niwie radhi kwa kimya cha miezi miwili. Sikukusahau. Tangu siku ya hukumu nilichelea kwamba ungeitwa kutoa ushahidi, nami sikutaka kukutia matatani.

Hukumu ni hii: miezi sita bila kuendesha gari. Kosa: nimeubomoa ukuta wa jirani yangu Gamaliel mara tatu, nikirudi nyuma. Mara tatu katika miaka miwili! Hakuna aliyezihesabu siku ambazo sikuubomoa.

Sasa jambo lenyewe. Mjukuu wangu Jemima anaolewa Jumamosi ya tarehe 22. Binti zangu watatu niliwapeleka kanisani mwenyewe kwa gari langu, Carina nyeupe, na ni mmoja tu aliyevunjika mkono. Jemima ndiye wa mwisho nyumbani. Nisiporudishiwa leseni, atapelekwa na Gamaliel kwa jipu lake jipya. Gamaliel! Mtu aliyefunga tai ya kwanza akiwa na umri wa miaka hamsini.

Nimekwenda mahakamani. Karani, Mama Virginie, ambaye ni wa avenyu yetu, mtaa huu huu, amelipima kwa mkono ombi langu la kurasa kumi na nne. Amesema ukurasa mmoja unatosha. Zaidi ya huo anataka hati ya daktari wa macho, na hati ya mwenendo mwema yenye saini ya chefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa. Nimemwuliza chefu wa avenyu ni nani siku hizi. Amecheka mpaka akavua miwani.

Ni Gamaliel. Tangu Agosti.

Jumatano, 12 Novemba

Daktari wa macho wa hapa Butembo nilimfukuza darasani mwaka 1988. Kwa hiyo, nimekwenda mji wa Beni.

Nimesafiri kwa taksi ya Lévi, nikiwa nimeketi mbele. Nimemwelekeza kwenye kila kona, bila malipo. Hatujafika hata nusu ya njia, amesimamisha gari.

"Mwalimu, kama unajua barabara kunishinda, permi yako ya kuendesha iko wapi?"

Abiria wote wamecheka, hata mama mmoja mwenye kuku. Nimeutumia muda uliobaki kukariri herufi za kibao cha macho, kwa kuwa mzee mwenzangu aliyepimwa huko Beni mwezi uliopita alikuwa amenipa nakala.

Kliniki iko katika komini ya Ruwenzori, sehemu mojawapo ya mji. Muuguzi aliponiketisha tu, nimesoma mistari yote sita kwa sauti ya darasani. Hakuna herufi niliyokosea.

"Baba," amesema, "tablo ya macho siyaitundika bado. Hiyo yenye unasoma ni kalendari ya kanisa."

Daktari ametoa hati hata hivyo: naweza kuendesha, mradi nivae miwani. Ushindi! Nimerudi na miwani mipya. Mke wangu, Rébecca, amesema amekuwa akinishauri kuvaa miwani tangu mwaka 2009. Sikumsikia. Hilo ni suala la masikio, na hakimu hakuuliza habari za masikio.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimempelekea Gamaliel tilapia wawili wakubwa wa kukaanga, wa Kyavinyonge kule ziwani. Si hongo. Ni ujirani. Hati ya mwenendo mwema nilikuwa nimeiweka chini ya samaki, ndani ya kikapu hicho hicho, ili aione kwa wakati ufaao.

Amewala wote wawili mbele yangu, taratibu, akinionyesha ukuta wake mpya wa matofali ya kuchoma. Mwishowe amekunja hati iliyonuka samaki, akaitia mfukoni.

"Mwalimu, samaki ilikuwa muzuri sana. Lakini kusaini, tutaonana ku salongo."

Salongo! Kazi ya kufagia mitaro kila Jumamosi asubuhi. Sijaonekana huko kwa miaka kumi na mmoja, na yeye anajua. Mwalimu mstaafu ashuke kilima na jembe begani mbele ya wanafunzi wake wa zamani? Haiwezekani.

Nitafikiri.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefikiri. Hukumu inanikataza kuendesha. Kuendesha kunahitaji injini. Carina iliyozimwa, ikiwa juu ya mteremko wetu, haiendeshwi. Inashuka yenyewe, kama jiwe. Mimi nitakuwa ndani tu, na jembe langu kiti cha nyuma. Vijana wa kwaya watanisukuma kunirudisha. Zaidi ya hayo, saa za salongo magari hayapiti. Barabara itakuwa tupu!

Jumamosi, 15 Novemba

Barabara haikuwa tupu. Magari hayapiti kwa sababu watu wote wamo barabarani.

Jambo la pili ambalo sikulijua: injini ikizimwa, breki huwa ngumu kama mlango wa gereza. Honi ilifanya kazi vizuri sana. Avenyu nzima iliruka mitaroni, na majembe yakabaki njiani. Miwani nilikuwa nayo mfukoni, isipate vumbi.

Hakuna aliyeumia. Nasisitiza hilo. Carina iliingia ukutani kwa Gamaliel, kando ya lango, ikatulia mkia ukiliziba lango. Vumbi lilipotua, Gamaliel alikuwa amesimama upande wa pili, na kofia yake imejaa vipande vya matofali.

"Mwalimu! Hii ukuta yangu ilikukosea nini?"

Nimemweleza kwa utulivu kwamba nimekuja salongo, na kwamba sikuendesha. Mama Virginie, jembe mkononi, ameniomba nirudie sentensi hiyo polepole. Ameiandika.

Jumatatu, 17 Novemba

Carina sasa ni kidhibiti, ushahidi wa kesi. Haitaguswa mpaka polisi wa barabara waje kupima. Watakuja Jumapili.

Nyuma ya Carina kuna lango. Nyuma ya lango kuna jipu la Gamaliel.

Amekuja asubuhi kunisihi niliondoe gari. Nimemkumbusha kwamba nimekatazwa kuendesha.

Nilicheka mpaka nilipoingia ndani. Jemima alikuwa amekaa jikoni, analia juu ya mchicha. Lévi wa taksi amekataa kumpeleka kanisani. Amesema ana harusi nyingine. Alisema hivyo baada ya kusikia nitaketi mbele. Bibi harusi hana gari. Hilo sikulipanga.

Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumekwenda kwa miguu.

Jemima ndiye aliyeamua. Alivua viatu, akampa mama yake, akavaa kandambili, akanishika mkono. Tulipofika penye Carina, watu wa avenyu walikuwa wakingoja, wamevaa vizuri. Kwaya ilianza kuimba. Mvua nyepesi ilianza pia, na Gamaliel akatokea kwa kupanda juu ya ukuta wake uliobomoka, na tai shingoni, na mwavuli. Aliushikilia juu ya kichwa cha mjukuu wangu njia nzima. Yeye mwenyewe alilowa.

Akina mama walitoka madukani kupiga vigelegele. Pikipiki zilisimama. Binti zangu watatu hawakuwahi kuonwa na mtu njiani. Nilikuwa nikiwapitisha kwa kasi.

Nilikanyaga shela mara mbili tu. Mlangoni mwa kanisa Jemima alininong'oneza sikioni.

"Koko, babu yangu, leo haukugonga kitu."

Nilivua miwani nikaifuta. Ni moshi wa pikipiki.

Jumatatu, 24 Novemba

Polisi wamepima. Watu ishirini wameisukuma Carina mpaka nyumbani. Gamaliel ameisaini hati ya mwenendo mwema. Amesema ni kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu. Hati bado inanuka samaki. Tena anaujenga ukuta wake mita moja nyuma, na hivyo kukiri kwamba tangu mwanzo ulikuwa karibu mno na barabara.

Nimeandika ombi jipya, kurasa kumi na tisa. Nimeongeza sura ya harusi, inayothibitisha kwamba nilimfikisha bibi harusi salama.

Hakimu atatoa uamuzi Ijumaa, tarehe 5 Desemba, saa tatu asubuhi. Hapo ndipo nitakapokuandikia tena, si kabla. Mahakama iko bondeni, nami sitaki kuchelewa. Carina nimekwisha kuigeuza. Pua inatazama chini.