Kobe Nje, Mwewe Ndani

Jumatatu, 9 Machi
Uamuzi umepita. Namhama Kobe!

Kobe ni mfumo wa kompyuta yangu tangu nianze kuandika programu. Ni mfumo huria, wa bure, na haujawahi kuniangusha hata siku moja. Ndilo tatizo lenyewe. Mfumo usioanguka hutumiwa na kila mtu: makarani, wanafunzi, hata mke wangu. Mwandishi wa programu wa kweli anatumia Mwewe. Nao ni huria, lakini unaujenga mwenyewe kuanzia msingi hadi paa. Ukikosea, shauri yako.

Wakati ni huu. Ijumaa daktari wa zahanati anakuja kuiona programu yangu ya foleni. Mgonjwa anachukua namba, anakaa, kompyuta inamwita kwa sauti: namba kumi na saba, chumba cha pili. Miezi minne ya jasho langu! Daktari akiridhika, Jumatatu ijayo tunaifunga kwenye kompyuta za zahanati, na bosi atamtangaza kiongozi wa timu. Timu ni watu wawili: mimi na jirani yangu wa meza, ambaye humu shajarani namwita Mama Utaratibu. Anatumia Kobe. Anapanga hata kalamu zake kwa urefu.

Mpango: daktari akute skrini nyeusi, maandishi ya kijani, apigwe na butwaa. Cheo changu.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza kwa nini nisingoje wiki ipite. Nikamwambia haelewi mbinu za vita. Akakubali kwamba haelewi, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Jumanne, 10 Machi
Asubuhi Mama Utaratibu aliniuliza kama nimeweka nakala ya kazi kabla ya kugusa chochote. Ananiona mtoto! Nilimpungia flashi usoni. Yote imo, nikamwambia. Akarudi kwenye kalamu zake. Ushindi wa kwanza wa wiki.

Kumwingiza Mwewe kunahitaji flashi. Nilikuwa na flashi moja. Mwewe akauliza kama nina hakika nataka kufuta kila kilichomo. Nikabonyeza Ndiyo. Maonyo ya namna hiyo yamewekwa kwa ajili ya watu wa Kobe. Kisha akauliza hivyo hivyo kuhusu diski ya kompyuta. Ndiyo tena. Mwanamume hasiti.

Saa tano kamili Mwewe alikuwa ndani. Kazi safi! Saa tano na dakika tano nikachomeka flashi nirudishe programu ya foleni. Nikakuta Mwewe. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tundu la pili. Mwewe.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilikwenda msalani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi minne. Niliogopa sana.

Kwenye ndoo hiyo hiyo nikapata moyo. Nitaiandika upya! Mara ya kwanza nilipoteza muda mwingi kwa kufikiri. Safari hii nitaandika tu.

Jumatano, 11 Machi
Maendeleo makubwa. Programu mpya inaita namba moja. Ikimaliza, inaita namba moja. Wagonjwa wengine bado sijawashughulikia.

Wala haiiti kwa sauti, kwa sababu Mwewe hatoi sauti. Wala hashiki mtandao mpaka nimchomeke waya ulio nyuma ya printa, chumbani kwa bosi. Nimeshinda nimekaa sakafuni kwake. Aliniuliza nafanya nini pale. Nikasema nausimamia mtandao. Akanishukuru.

Nimeomba msaada kwenye jukwaa la watumiaji wa Mwewe. Baada ya saa mbili mmoja akajibu, akiuliza kama nimesoma mwongozo. Una kurasa mia nne. Nikasema nimesoma wote. Akasema basi jibu ninalo.

Mchana nimebadilisha rangi ya maandishi. Kijani cha kwanza kilikuwa kimepauka. Saa tatu zimekwenda, lakini kijani hiki kinavutia mno.

Alhamisi, 12 Machi
Nimebuni visingizio vitatu: umeme, virusi, na wivu wa kazini. Nimechagua umeme. Nimefanya mazoezi ya uso wa huzuni mbele ya kioo cha msalani.

Kabla sijafika kwa bosi, Mama Utaratibu aliniita mezani kwake. Kwenye skrini yake programu yangu ilikuwa inaita: namba kumi na saba, chumba cha pili. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Kila jioni ulipokwenda kunywa chai nilikuwa nachukua nakala ya kazi yako," alisema. "Si kwa kukupenda, kaka. Kwa kukujua."

Nililia. Nilisingizia vumbi la printa, lakini nililia, na nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Nikamwambia kesho tuionyeshe kwenye Mwewe. Akanikumbusha kwamba Mwewe ni bubu. Nikajitolea kusimama nyuma ya kabati na kuziita namba mwenyewe. Hakutaka hata kulijadili.

Ijumaa, 13 Machi
Daktari alikuja. Tulitumia kompyuta ya Mama Utaratibu, na Kobe wake kwenye kona ya skrini. Programu iliita bila kukosea. Daktari akachukua namba yeye mwenyewe, akaketi, akaitwa, akainuka amefurahi kweli kweli. Tunaifunga Jumatatu!

Bosi amemtangaza kiongozi wa timu. Si mimi.

Iliniuma. Nilipiga makofi lakini iliniuma. Halafu nikatafakari: kiongozi huenda vikaoni, na mimi vikao vinanipa usingizi. Kumbe nimepona!

Kabla ya kutoka, kiongozi aliniambia kwamba nakala zote ziko kwenye kompyuta yake tu, ile atakayoibeba kwenda zahanati, kwa hiyo nichukue yangu leo leo. Nikamwambia nitapita kesho, kwa utulivu.

Jumamosi, 14 Machi
Habari njema! Mwewe ametoa sauti. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili wa mwongozo. Sasa mimi ni fundi kamili.

Nimekwenda ofisini asubuhi. Hakuna mtu. Kompyuta ya dada yangu ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, tayari kwa zahanati. Nikamwonea huruma. Mtu aliyeniokoa vile, kiongozi mzima, Jumatatu asimame mbele ya daktari na kobe! Flashi ilikuwa mfukoni. Kwa fundi, ni kazi ya dakika arobaini.

Safari hii nimejiuliza kwanza kuhusu nakala. Mtu hujifunza. Jibu lilikuwa wazi: mwanamke anayetunza nakala za wenzake hawezi kukosa kutunza za kwake. Mwewe akauliza kama nina hakika. Ndiyo.

Nimemwachia na kijani kile kizuri. Sikuandika hata kijikaratasi. Tenda wema nenda zako.

Nimefika nyumbani ndipo nimekumbuka kilichonipeleka ofisini: sijachukua nakala yangu. Si kitu. Nitamwomba Jumatatu.