Rashi ya Shimo la Saba

Jumamosi, 5 Julai. Bugarama.

Msimu umeanza! Mashindano matatu: Bugarama, Shinyanga, Kharumwa. Mawili ya kwanza yanachuja watu, la tatu linaamua. Watatu wa juu watapanda kucheza na wakubwa wa nchi nzima. Sisi tunaitwa chipukizi wa gofu ya kulipwa. Mimi ni chipukizi wa miaka thelathini na tisa.

Theopista, mke wangu, ndiye anayenibebea mfuko wa fimbo. Kasema huu ni mwaka wa mwisho. Nisipopanda, tunarudi Ushirombo kulima mpunga, na fimbo zitakuwa za kufukuzia ndege.

Adui yangu ni Enock wa Kharumwa. Kila alfajiri anafanya mazoezi. Mazoezi! Mimi natumia akili.

Mbinu ya leo: nyasi zimekauka, mipira inapotea ovyo. Nikapaka yangu rangi nyekundu ili niione kwa mbali. Sikukumbuka kwamba udongo wa Bugarama nao ni mwekundu. Theopista kazunguka vichakani mpaka kanga imechanika. Mipira yote imekwenda. Enock akanipa wake mmoja mweupe, na tabasamu juu. Kuudhi tu!

Nimepenya mchujo. Wa mwisho, lakini nimepenya.

Jumapili, 20 Julai. Shinyanga.

Mbinu mpya: salamu! Huku Usukumani, mzee akikusalimia huwezi kumkatisha. Mzee Maige anachunga ng'ombe pembeni ya uwanja. Nikamwendea asubuhi, shikamoo, marahaba, nikamwomba amsalimie yule kijana Enock pale anapojiandaa kupiga. Nikasema ni mpweke, hana ndugu mji huu. Mzee akaguswa sana.

Akaja kweli. Mwangaluka! Enock akaweka fimbo chini, akainama, akaitikia. Mzee akauliza habari za ng'ombe. Habari za mvua. Habari za baba. Baba nani? Wa ukoo gani? Bibi aliolewa wapi? Nikauona mkono wa Enock unapoa. Safi kabisa!

Ghafla mzee akapiga ukelele. Bibi yake Enock ni dada yake mzee, aliyeolewa mbali, hawajapata habari zake miaka mingi. Yuko hai, anaishi Kharumwa, bado anapika mwenyewe. Mzee akalia. Enock akalia. Nikageuka, Theopista naye analia.

Mji mzima wa mzee ukaitwa. Wakaja na vibuyu vya maziwa ya mgando, wakamfuata Enock shimo hadi shimo kwa vigelegele. Kashinda kwa mbali. Mpira wangu uligonga ng'ombe wa mzee, ukarudi nyuma yangu.

Nimepenya tena. Wa mwisho tena. Maziwa nilipewa, yalikuwa matamu.

Alhamisi, 7 Agosti. Kharumwa.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Leo nimefanya jambo la kisomi. Kalisti, rafiki yangu mchimbaji wa Mwakitolyo, ana mashine ya kutafutia dhahabu. Ikipita juu ya chuma inalia. Nikapigilia msumari mdogo kwenye mpira wa mazoezi, nikaurusha nyasini, tukaona kama mashine itaupata. Ikifanya kazi, sipotezi mpira tena maishani!

Ililia kwenye shimo la saba. Kwa nguvu! Tukachimba kidogo: jembe bovu la zamani. Kalisti akaruka kwa furaha hata hivyo, ndiyo tabia yake. Barabarani watu walikuwa wamesimama wanatutazama. Nikawapungia mkono.

Ijumaa, 8 Agosti.

Balaa! Sikukuu ya Nane Nane, na uwanja wetu umelimwa! Habari zilitembea: Kalisti wa Mwakitolyo kaonekana anaruka Kharumwa. Wachimbaji wakaja na masururu, na wanawake wa chai na maandazi nyuma yao. Wenyewe wanaita rashi. Kumekucha, shimo la saba lina mashimo arobaini.

Mama Vaileth, mwenyekiti wa mashindano, akatuita wachezaji wote. Akasema uwanja usipofukiwa kufikia kesho jioni, mashindano yamefutwa na hapandi mtu. Enock akashika kichwa. Bibi yake alikuwa ameshaandaliwa kiti cha Jumapili! Nikatazama viatu vyangu.

Theopista akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi Geita, "Baba Lusia, wale unawafahamu?"

Ikabidi niende. Msimamizi wao ni Benedict, jitu la mabega. Nikamwambia ukweli wa jembe. Hakuamini. Akaonyesha kishimo cha gofu chenye bendera.

"Na hili duara lenu mbona fupi hivi? Mmekatia tamaa wapi?"

Duara kwao ni shimo la dhahabu. Nikamwambia hapa hatutoi kitu ardhini, tunaingiza. Akacheka mpaka akakaa. Akataka kuona. Nikapiga mmoja, ukaenda vizuri. Akataka kujaribu. Akavua kofia, akapiga kama anapasua mwamba, mpira ukavuka barabara! Wote wakashangilia, wakapanga foleni.

Tukakubaliana: kila anayefukia shimo lake, anapiga mpira mmoja. Mama Vaileth akatoa mipira yote ya akiba.

Jumamosi, 9 Agosti.

Tumefukia kutwa nzima. Enock alikuwa upande wangu na beleshi. Wanasumba, vijana wa Kisukuma kati ya wachimbaji, wakaimba nyimbo zao za kulima, Theopista akaongoza za Ushirombo. Mama Vaileth alishindilia udongo kwa viatu vya kanisani. Jioni uwanja ukawa sawa, na viazi vya kuchoma vikapita mkono hadi mkono. Viganja vyangu vina malengelenge. Sina mbinu hata moja ya kesho. Sina nguvu ya kuitafuta.

Jumapili, 10 Agosti.

Nimelala kama gogo. Malengelenge yakanilazimisha kushika fimbo taratibu, na mpira ukawa unanyooka. Unanyooka! Wachimbaji wote walikuja, wakapiga mayowe kila mpira ulipoingia. Bibi yake Enock alikaa kitini, Mzee Maige pembeni yake, kashikilia mkono wa dada yake muda wote.

Shimo la mwisho. Nikiingiza, ni wa tatu. Umbali wa hatua kadhaa juu ya mchanga uliosawazishwa kuzunguka shimo. Theopista akaninong'oneza, "Sukuma tu, usifikiri." Nikasukuma. Ukazunguka mdomo wa shimo, ukasita, ukaingia!

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Benedict alinibeba begani. Enock, bingwa, akanikumbatia akasema, "Kaka, tumepanda wote!" Theopista alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Nililia kidogo. Lilikuwa vumbi.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nimetafakari. Nimepanda kwa sababu ya akili. Bila mashine hakuna rashi, bila rashi hakuna malengelenge, bila malengelenge hakuna ushindi. Nilivyopanga!

Sasa nasikia viwanja vya Arusha vina nyani wanaookota mipira na kukimbia nayo. Nyani anafundishika. Nikitangulia siku chache na mkungu wa ndizi, nikawazoesha kumtambua Enock kwa kofia yake... Theopista kauliza ndizi zote hizi za nini. Nimemwambia za safari.